Mnara, simu na friji: jinsi ya kupima mawimbi ya nyumbani kwako kabla hujahama

Mwaka juzi, baada ya mvua za masika, jirani mmoja wa Kisauni, Mombasa, aliniita nyumbani kwake. Ni bi wa makamo, amelea wajukuu wanne kwenye nyumba ile, na sasa alikuwa ametia nia ya kuiuza.

"Mwanangu," akaniambia kabla hata sijaketi, "mnara ule watumaliza. Nikishika friji mwili wote wanisisimka. Juzi mtoto kaishika, kalia."

Mnara aliounyooshea kidole ulikuwa juu ya ghorofa la mtaa wa pili. Mimi nikatazama miguu yake. Alikuwa pekupeku, na sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki.

"Bi, na ukivaa ndara?"

Akafikiri. "Nikivaa ndara sisikii."

Nikatoa testa, nikaigusisha kwenye bawaba ya friji, kitaa chake kikawaka. Nje, nyuma ya tangi la maji, nikafukua ile fimbo ya shaba inayopeleka umeme uliopotea ardhini. Kibano kilikuwa kimegeuka kijani na kulika, na waya ulikuwa unaning'inia haujashika kitu. Hewa ya chumvi ya pwani hii haina huruma na shaba. Umeme uliovuja kwenye friji ulikuwa hauna pa kwenda ila kupitia kwa bi na wajukuu zake.

Tangu siku hiyo, nikiitwa kwa jambo la "mionzi", nafuata utaratibu mmoja. Si mrefu, na nusu yake unaweza kuufanya mwenyewe bila fundi.

1. Uliza kwanza: ni wimbi gani?

Tuna mazoea ya kutia kila kitu kwenye gunia moja. Umeme wa ukutani, redio, simu, waifai, mikrowevu, joto la jiko la makaa, mwanga wa taa, jua la adhuhuri, eksirei. Ni kweli ni ukoo mmoja, yote ni mawimbi ya sumakuumeme. Kinachoyatenga ni wingi wa mitikisiko kwa sekunde. Umeme wa Kenya hutikisika mara 50. Mawimbi ya simu hutikisika mara milioni mia kadhaa hadi bilioni kadhaa. Mwanga ni matrilioni kwa mamia.

Kadiri mitikisiko inavyozidi, ndivyo kila punje ya wimbi inavyobeba nguvu kubwa zaidi. Na hapa pana mpaka. Ili kuvunja kiungo cha kemikali ndani ya DNA, punje moja lazima iwe na nguvu ya kutosha peke yake. Punje ya wimbi la simu imepungukiwa mara laki kadhaa. Chukua kokwa za mabuyu uzirushe kwenye ukuta wa Fort Jesus. Rusha moja, rusha gunia zima, jiwe halibanduki, maana hakuna kokwa hata moja yenye uzito wa kulibandua. Ukirusha nyingi mno utaupasha ukuta joto, basi.

Upande wa pili wa mpaka ndiko waliko eksirei, mionzi ya gama, na sehemu kali ya mwanga wa jua, ile ya urujuanimno. Hizo ni risasi. Mtazame mvuvi mzee anayeshusha samaki ufuoni: kile kinyama kinachotambaa juu ya mboni yake mara nyingi ni kazi ya jua na mng'ao wa maji, miaka thelathini bila kofia. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua la saa sita linapiga utosini karibu mwaka mzima. Mtu atakayelala macho kwa sababu ya mnara huku mtoto wake mwenye ualbino anacheza mpira mchana kutwa bila kofia wala shati la mikono mirefu, amegeuza mambo juu chini.

2. Jua wimbi linafanya nini ndani ya seli

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uzushi mwingi.

Seli zako zenyewe zina umeme. Utando wa seli ya neva, ikiwa imetulia, una tofauti ya kama milivolti 70 kati ya ndani na nje. Ni kidogo, lakini utando wenyewe ni mwembamba mno, kama nanomita 8 (nanomita ni sehemu 1 ya bilioni ya mita). Piga hesabu na utaona kwamba uga wa umeme ndani ya utando ule ni karibu volti milioni 9 kwa mita. Uga wa nje, wa nyaya za nyumbani, hupungua mara mamilioni ukiingia mwilini, kisha unakutana na ngome hiyo. Ndiyo maana moyo wako haukosei mdundo ukiwasha feni.

Haimaanishi kwamba seli haiguswi kamwe. Mawimbi ya mitikisiko michache yakiwa makali sana huzalisha mkondo mwilini, na neva husisimka. Mwaka 1985 kule Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha pigo la sumaku, na kidole cha mkono kikachezea chenyewe. Leo kifaa cha aina hiyo hutibu mfadhaiko. Lakini pigo lile lina nguvu ya tesla 1 au zaidi (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na katikati ya sebule yako, mbali na vyombo, sumaku ya umeme wa nyumbani huwa kama sehemu 1 ya milioni 10 ya hiyo.

Mawimbi ya simu na mikrowevu hayawahi kusisimua neva, ni ya haraka mno. Yenyewe huzungusha molekuli za maji, na maji yakizungushwa hupata joto. Kila kikomo cha usalama cha simu kimejengwa juu ya joto hilo. Watafiti waliona kwamba mwili mzima ukifyonza wati 4 kwa kilo, joto lake hupanda kama nyuzi 1. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyovunja, ICNIRP, ikagawanya kwa 50: raia wa kawaida asipate zaidi ya wati 0.08 kwa kilo. Ukumbuke kwamba mwili uliolala tu huzalisha wenyewe karibu wati 1 kwa kilo. Kwa kichwa, simu ikiwa sikioni, kikomo ni wati 2 kwa kilo kwenye gramu 10 za nyama, na Marekani wana wati 1.6 kwenye gramu 1. Bonyeza *#07# na simu nyingi zitakuonyesha kiwango cha simu yenyewe.

Viungo viwili havina damu ya kutosha ya kubeba joto: lenzi ya jicho na korodani. Kijana anayeweka kompyuta mapajani kwa saa tatu aelewe kwamba kinachomhujumu ni joto la mashine yenyewe, na joto halina haja ya jina la kitaalamu. Kuhusu simu mfukoni, utafiti wa Uswisi uliochapishwa 2023, wa vijana wapatao 2,900, uliona mbegu chache zaidi za kiume kwa waliotumia simu mara nyingi kwa siku, lakini haukuona tofauti kwa sababu ya mahali simu inapowekwa. Mfuko haukuonekana kuwa na hatia.

Na saratani? Shirika la Afya Duniani lina kitengo cha utafiti wa saratani, IARC. Mwaka 2002 kiliweka sumaku za umeme wa mitikisiko michache kwenye kundi la 2B, na 2011 kikaweka mawimbi ya simu humo humo. 2B maana yake "huenda", ushahidi haujakamilika. Achari za mboga za jadi za Asia zimo humo pia (achari yako ya maembe tulia, si hiyo). Jua, moshi wa dizeli na sigara viko kundi la 1, ambako hakuna "huenda".

Ushahidi wenyewe uko hivi. Upande wa nyaya za umeme, tafiti zilizojumlishwa ziliona lukemia ya watoto, yaani saratani ya damu, ikiwa karibu mara mbili kwenye nyumba chache zenye wastani wa zaidi ya maikrotesla 0.3 hadi 0.4 (maikrotesla ni sehemu 1 ya milioni ya tesla). Hakuna aliyepata njia ambayo seli ingepitia kufika huko, na huenda kuna sababu nyingine iliyojificha, lakini namba haijafutika na sitaificha. Upande wa simu, mwaka 2018 Marekani walitangaza matokeo ya panya waliopigwa mawimbi mwili mzima, saa 9 kwa siku, miaka miwili. Panya dume walipata uvimbe wa moyo. Panya haohao waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiopigwa, jambo ambalo wapelekaji wa ujumbe wa WhatsApp hulisahau. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, wa tafiti 63 za watu: hakuna uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka kumi na zaidi.

Mimi nachukulia hivi: simu si sumu, lakini kupunguza kisicho na faida hakugharimu kitu. Hatua zinazofuata ni za mtazamo huo.

3. Pima mtandao, chumba kwa chumba

Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye habari za simu, kisha hali ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm, kipimo cha nguvu ya mtandao. Tembea nayo nyumbani na uandike: sebuleni, chumbani, jikoni, kibarazani. -75 ni mtandao mzuri sana. -110 ni mbovu. Kila hatua ya 10 ni mara kumi, kwa hiyo kutoka -80 hadi -110 umepoteza mara elfu moja.

Kwa nini ujali? Kwa sababu simu haipigi kelele sawa kila mahali. Mnara ukiisikia vizuri huiambia ishushe sauti, na hutoa nguvu ndogo mno. Ukiisikia kwa taabu, simu hupandisha hadi mwisho wake, kama mtu anayeongea na mwenzake aliye ng'ambo ya kivuko. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta za mawe ya matumbawe, nene kama godoro la pamba, na ndani kabisa simu huhangaika, huchemka, na betri hwisha adhuhuri. Rafiki yangu mmoja hukaa huko, chumba cha nyuma ghorofa ya chini. Tulipima -112 kitandani na -84 kwenye baraza. Sasa simu za dakika arubaini na shangazi yake aliye Muscat huzungumzia barazani, na kahawa anayo.

Kwa hiyo anayetaka mawimbi machache kichwani asiombe mnara uwe mbali. Mnara ukiwa mbali simu hupiga kelele zaidi, na simu ndiyo iliyo sikioni.

Ukishazijua namba zako, yaliyobaki ni mepesi. Mazungumzo marefu tumia spika au iafoni. Ndani ya lifti au nyumba ya mabati, ngoja utoke. Mtoto akiangalia katuni, ipakue kwanza kisha uzime mtandao. Simu isilale chini ya mto, na sababu kubwa hapo ni betri kupata joto ndani ya pamba, pamoja na ujumbe wa saa nane usiku.

4. Tazama kilicho nyuma ya kitanda

Sumaku ya umeme hufa haraka ukisogea mbali na chombo. Kikaushia nywele karibu na kichwa kinaweza kutoa maikrotesla kwa makumi, na hatua moja nyuma huoni kitu cha maana. Kikomo cha ICNIRP kwa raia ni maikrotesla 200, na dunia yenyewe ina sumaku tuli ya 25 hadi 65, ile inayogeuza dira ya nahodha.

Kwa hiyo angalia ukuta wa kichwani. Je, upande wa pili kuna friji, ubao mkuu wa umeme, au mita za wapangaji wote wa ghorofa? Kama ndiyo, sogeza kitanda hadi ukuta mwingine. Umemaliza. Ruta ya waifai hutoa kama wati 0.1 na kuitia kwenye kona ya sebule kunatosha. Aliyejenga karibu na nguzo za chuma za laini kubwa ya umeme ya kutoka Rabai ana suala jingine: ile ni njia ya laini, nyumba hairuhusiwi ndani yake, na hatari ya kwanza ni waya kuanguka au fimbo ndefu ya kuangulia madafu kuugusa.

5. Nenda kautazame mnara, kisha utazame kilicho chini yake

Zile antena bapa ndefu hurusha mawimbi mbele, kwa mwinamo mdogo, kama mnara wa taa unaoongoza meli. Aliye chini kabisa ya mnara wa taa hukaa gizani, na anayeishi chini ya antena naye hupata kidogo. Vipimo vya mitaani katika nchi nyingi hupata mara mia hadi elfu nyingi chini ya kikomo.

Penye hatari ya kweli ni mbele ya antena yenyewe, mita chache tu. Hapa kwetu dari za ghorofa ndizo kamba za nguo, matangi na mahali pa watoto kurushia tiara. Ukiona antena juu ya dari la nyumba yako iko usawa wa kifua na hakuna uzio wala kibao cha manjano, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi leo hii. Fundi wa rangi au wa tangi asisimame mbele yake mpaka kampuni iizime.

Kisha sikiliza chini. Jenereta inanguruma? Moshi wa dizeli unaingia dirishani? Huo, nilishasema, uko kundi la 1. Nimeona mtaa mzima umetia sahihi barua ya kulalamikia mionzi, na jenereta iliyokuwa ikiwatia masizi kwenye mapazia haikutajwa hata mstari mmoja. Malalamiko ya mnara mpya, moshi na kelele peleka NEMA, mamlaka ya mazingira, ambao hutaka tathmini ya athari kwa mazingira kabla mnara haujasimama, na kaunti. Ya mawimbi yenyewe peleka Mamlaka ya Mawasiliano. Ombeni kipimo, na mpewe namba.

6. Nani asichukulie mzaha

Mwenye betri ya moyo, ile pesimeka: simu ikae sentimita 15 au zaidi kutoka kifuani, itumiwe sikio la upande wa pili, na jiko la umeme la sumaku liwe umbali wa kama sentimita 60. Mwenye chuma mwilini, hata kipande kutoka karakana kilichobaki jichoni, aseme kabla ya kuingia kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha kwa sumaku, ambayo sumaku yake haizimwi hata taa zikizimwa. Mjamzito aseme kabla ya eksirei. Na mtu yeyote akipelekwa kupigwa picha ya CT ya tumbo (eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta) aulize kama picha ya mawimbi ya sauti haitoshi. CT ya tumbo ina mionzi kama mara mia ya eksirei moja ya kifua. Ikihitajika, ipigwe. Ni uliza tu.

Wapo pia wanaoumwa kichwa na kukosa usingizi kila wakiwa karibu na mnara au waifai. Maumivu yao ni ya kweli. Lakini walipopimwa bila kuambiwa kifaa kimewashwa au kimezimwa, hawakuweza kutofautisha, na kichwa kiliuma vyovyote. Wasichekwe. Wapelekwe kwa daktari apime presha, sukari, macho na wasiwasi.

7. Usinunue kinga

Kile kibandiko cha kuzuia mionzi nyuma ya simu ama hakifanyi kitu, ama kinazuia kweli, na kikizuia simu itapandisha nguvu ili isikike. Mikufu nayo ni mibaya zaidi. Desemba 2021 mamlaka ya nyuklia ya Uholanzi ilipima bidhaa zilizouzwa kama kinga ya 5G na kukuta kumi kati yake zina mionzi yenyewe, ya ule upande wa risasi. Mtu alikuwa amevaa shingoni, usiku na mchana, kile alichokuwa anakikimbia.

8. Pesa hiyo mpe fundi

Mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na uione. Afukue fimbo ya ardhini, asafishe kibano au abadilishe, apime kwa mita badala ya kukuambia "iko sawa", na apake grisi ili chumvi isirudi upesi. Kwenye ubao mkuu pawe na swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi: umeme wa nyumba ukatike papo hapo. Usipokatika, swichi imekufa.

Ya yule bi ilikuwepo, imekaa ukutani miaka kumi na moja. Nilipomwonyesha kitufe aliniambia hajawahi kukigusa, alidhani ni cha watu wa umeme. Tukakibonyeza pamoja. Feni ikaendelea kuzunguka.